Green Day kabla ya umaarufu: miaka ya Gilman na lebo ya Lookout, 1987 hadi 1993

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Kila inapotajwa bendi ya Marekani ya Green Day, inayopiga panki, yaani roki ya kasi na ya uasi, mazungumzo huanzia Februari 1994 ilipotoka albamu ya Dookie, kana kwamba vijana wale watatu waliokotwa barabarani na kampuni kubwa, wakaingizwa studio, kisha wakatoka wakiwa matajiri. Mimi naamini kwamba miaka 6 iliyotangulia ndiyo iliyowatengeneza, na kwamba kipaji peke yake hakitoshi kueleza kilichotokea. Kulikuwa na ukumbi uliowapokea watoto wa shule, kulikuwa na lebo ndogo iliyogawana mapato na wasanii wake kwa haki, na kulikuwa na mtandao wa nyumba za watu na namba za simu uliomwezesha kijana wa miaka 18 asiye na kitu mfukoni kuizunguka Marekani akipiga gitaa. Ukiondoa kimojawapo kati ya hivyo, sidhani kama leo tungekuwa tunaijua bendi hii.

Billie Joe Armstrong, mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi, na Mike Dirnt, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Michael Pritchard, walizaliwa wote mwaka 1972, na walikutana wakiwa na miaka 10 hivi katika shule moja mjini Crockett, jimbo la California. Crockett pamoja na Rodeo, alikokulia Armstrong, ni miji midogo iliyo kaskazini mashariki mwa San Francisco, ng'ambo ya ghuba, katika eneo la mitambo ya kusafisha mafuta na kiwanda kikubwa cha sukari. Baba yake Armstrong, dereva wa lori aliyekuwa pia mwanamuziki wa jazi, alifariki kwa saratani Septemba 1982, na mama alibaki akilea familia kwa kazi ya uhudumu wa mkahawa. Huyo mama ndiye aliyemnunulia mwanawe gitaa la buluu ambalo mashabiki wamekuwa wakiliona jukwaani tangu enzi hizo.

Bendi yao ya kwanza iliitwa Sweet Children. Onyesho lao la mwanzo walilifanya Oktoba 1987 katika mkahawa wa Rod's Hickory Pit mjini Vallejo, pale pale alipokuwa akifanya kazi mama yake Armstrong. Wakati huo Dirnt alikuwa anapiga gitaa la kawaida, na alihamia kwenye besi mwaka uliofuata baada ya mpiga besi wao kuondoka. Mpiga ngoma wao naye akabadilishwa, akaingia John Kiffmeyer, aliyejulikana jukwaani kwa jina la Al Sobrante. Naomba wasomaji walishike jina la Kiffmeyer, kwa sababu mchango wake husahauliwa sana. Alikuwa amewazidi wenzake umri, alikwisha kupiga katika bendi ya Isocracy, alifahamiana na watu wengi, na ndiye aliyejua namna ya kupanga maonyesho wakati wenzake wakiwa bado wanafikiria mitihani.

Sasa tuje kwenye ukumbi wenyewe. Nambari 924, mtaa wa Gilman, mjini Berkeley, lilikuwa ghala ambalo kundi la watu wa jarida la Maximum Rocknroll, akiwemo mhariri wake Tim Yohannan, pamoja na wengine waliojitolea, walilikodi na kuligeuza kuwa ukumbi wa muziki. Ulifunguliwa rasmi usiku wa tarehe 31 Desemba 1986. Uliendeshwa bila kutafuta faida, na wanachama wenyewe ndio waliosimama mlangoni, waliosimamia vyombo vya sauti na waliofagia baada ya onyesho. Kanuni ziliandikwa ukutani ili kila mtu azione: hakuna pombe, hakuna dawa za kulevya, hakuna ugomvi, hakuna ubaguzi wa rangi, wa kijinsia wala dhidi ya mashoga. Mtu wa umri wowote aliruhusiwa kuingia, mradi awe na kadi ya uanachama.

Kanuni hizo zilikuwa na maana ya kimuziki pia, na jambo hili naona halijapewa uzito unaostahili. Katikati ya miaka ya 1980 maonyesho ya panki California yalikuwa yameharibiwa na vurugu, ngumi na makundi ya wabaguzi wa rangi, na muziki wenyewe ulikuwa umekakamaa, kasi tupu na hasira tupu. Gilman ilipowaondoa wagomvi, ikapatikana nafasi kwa bendi zenye mzaha, zenye viitikio vya kuimbwa na umati mzima, zisizoona aibu kuimba habari za mapenzi. Humo ndimo zilimokua Operation Ivy, Crimpshrine, Isocracy na The Mr. T Experience. Pop panki, yaani panki yenye nyimbo za kuimbika, haikubuniwa hapo, maana Ramones na Buzzcocks walikwisha kuonyesha njia tangu miaka ya 1970 na Descendents wakaiendeleza kusini mwa California, lakini ni hapo mtoto wa miaka 16 alipoweza kuisikia mita mbili kutoka jukwaani na wiki iliyofuata akapanda jukwaani yeye mwenyewe.

Hata hivyo, Sweet Children hawakupokelewa kwa vigelegele. Mwanzoni Yohannan aliiona bendi yao kuwa laini mno, yenye ladha ya pop kuliko panki, na ilibidi wasubiri kabla ya kupewa nafasi.

Mtu aliyewaona tofauti alikuwa Larry Livermore. Huyu alizaliwa mwaka 1947, hivyo alikuwa na zaidi ya miaka 40, na aliishi milimani katika wilaya ya Mendocino, kaskazini kabisa mwa San Francisco, mahali pasipo umeme wa gridi. Alikuwa na bendi yake iliyoitwa The Lookouts, ambamo mpiga ngoma wake alikuwa mtoto wa jirani aliyeanza akiwa na miaka 12, na mwaka 1987 yeye na David Hayes walianzisha lebo ya Lookout. Mwaka 1988 Kiffmeyer aliwapeleka Sweet Children huko huko milimani kupiga katika sherehe ya wanafunzi. Kwa mujibu wa Livermore mwenyewe, ambaye ameisimulia habari hiyo mara nyingi, waliojitokeza walikuwa vijana wachache wanaohesabika kwa vidole vya mkono mmoja, nyumba haikuwa na umeme, vyombo viliendeshwa kwa jenereta na mwanga ulitoka kwenye mishumaa. Bendi ikapiga kama vile iko mbele ya uwanja uliojaa. Livermore aliamua palepale kwamba atawatolea santuri.

Santuri hiyo ilirekodiwa mwishoni mwa mwaka 1988 na mwanzoni mwa 1989, ikatoka mwaka huo huo kwa jina la 1,000 Hours, ikiwa na nyimbo 4. Kabla tu ya kutoka, vijana walimwarifu Livermore kwamba hawaitwi tena Sweet Children bali Green Day, kwa sababu katika eneo lile lile kulikuwa na bendi nyingine yenye jina linalokaribiana na lao. Livermore hakulipenda jina jipya hata kidogo, na ukijiweka mahali pake utamwelewa, kwani alikuwa ametangaza bendi moja na sasa anatakiwa kuuza nyingine. Lakini alikubali, nao wakaendelea.

Albamu ya kwanza kamili, 39/Smooth, ilirekodiwa katika studio ya Art of Ears mjini San Francisco chini ya fundi mitambo Andy Ernst, kuanzia siku za mwisho za Desemba 1989 hadi mwanzoni mwa Januari 1990, kwa gharama ya mamia machache tu ya dola. Ilitoka mwaka 1990, pamoja na santuri nyingine ndogo ya nyimbo 4 iitwayo Slappy. Mwaka 1991 Lookout iliunganisha kazi zote hizo, pamoja na wimbo mmoja mwingine, katika sidii moja yenye nyimbo 19, ikaipa jina la 1,039/Smoothed Out Slappy Hours, yaani majina ya rekodi zote tatu yakiwa yamechanganywa na nambari zake kujumlishwa. Ukiisikiliza leo utasikia sauti nyembamba ya ngoma na gitaa linalokwaruza, lakini utasikia pia mtunzi ambaye tayari anajua mahali pa kuweka kiitikio na anayepanga sauti mbili za kuimba, yake na ya Dirnt, kwa umakini ambao bendi nyingi za rika lake hazikuwa nao.

Armstrong aliacha shule ya Pinole Valley Februari 1990, siku moja kabla ya kutimiza miaka 18. Dirnt alivumilia hadi akahitimu. Majira ya joto ya mwaka huo wakaondoka kwa gari kwenda ziara yao ya kwanza ya nchi nzima, iliyopangwa na Kiffmeyer kwa simu na barua, wakilala katika nyumba za mashabiki na kupiga hata katika vyumba vya chini vya nyumba za watu. Walipofika Minneapolis walirekodi nyimbo chache za enzi za jina lao la zamani kwa ajili ya lebo ndogo ya huko iitwayo Skene!, na katika mji huo huo Armstrong alikutana na Adrienne, ambaye baadaye alikuja kuwa mkewe na ambaye nyimbo kadhaa za albamu iliyofuata zinamhusu.

Nitaendelea na habari za albamu ya pili, Kerplunk, na kuondoka Lookout. Kama kuna swali, karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Shukrani kwa uzi, mkuu. Nina maswali mawili. Kwanza, mpiga ngoma Tré Cool aliingiaje, na je, ni kweli kwamba yeye ndiye aliyebadilisha mwelekeo wa bendi? Pili, umesema Lookout iligawana mapato kwa haki. Naomba ufafanue, kwa sababu lebo ndogo nyingi husifiwa kwa uaminifu hali ya kuwa wasanii wake hawana cha kuonyesha.

Mwanzisha uzi

Maswali mazuri, ndugu.

Tré Cool ndiye yule mtoto wa jirani niliyemtaja hapo juu. Jina lake halisi ni Frank Edwin Wright III, alizaliwa Ujerumani mwaka 1972, akakulia milimani Mendocino, na jina la kisanii alipewa na Livermore. Mwishoni mwa mwaka 1990 Kiffmeyer aliamua kwenda chuo kikuu huko Arcata, kaskazini mwa California, na Tré akaanza kushika nafasi yake, kwanza kwa muda na baadaye moja kwa moja. Kiffmeyer hakuondoka kwa uadui, kwani alisaidia hata katika utayarishaji wa Kerplunk, na mwaka 2015, bendi ilipoingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki wa roki, alipanda nao tena jukwaani mjini Cleveland wakipiga kwa jina la Sweet Children.

Kuhusu mwelekeo, mimi nasema ndiyo, alibadilisha, ingawa si kwa kuleta nyimbo. Kiffmeyer alikuwa mpiga ngoma wa kunyoosha, anayeshika mdundo na kuupeleka mbele. Tré anajaza nafasi kati ya mistari, anapasua mwishoni mwa ubeti, kisha anasimama ghafla ili besi ya Dirnt isikike yenyewe. Wimbo wa Welcome to Paradise, uliomo katika Kerplunk na ukarekodiwa upya kwa ajili ya Dookie, unaonyesha jambo hilo waziwazi katika sehemu yake ya katikati isiyo na maneno, ambapo besi inazunguka juu ya noti chache huku ngoma zikipanda kidogo kidogo hadi gitaa linaporudi. Maneno ya wimbo huo yanatokana na Armstrong kuondoka nyumbani na kwenda kuishi na wenzake katika ghala lililochakaa huko West Oakland.

Familia ya Tré iliwapa pia kitu ambacho hakuna mkataba ungewapa. Baba yake, aliyekuwa na kazi ya malori, alinunua gari kuukuu lililokuwa likitumika kama maktaba ya kutembea, akalitengeneza na kulifanya gari la ziara, na mara kadhaa aliliendesha yeye mwenyewe. Mtu mzima anayejua kutunza injini, akiwa dereva wa vijana watatu wa miaka 20, ni msaada mkubwa kuliko unavyodhaniwa, kwa sababu ziara nyingi za bendi za kujitegemea hazifi kwa kukosa watazamaji, zinafia barabarani gari linapoharibika na fedha ya matengenezo haipo.

Sasa fedha. Utaratibu wa Lookout ulikuwa kwamba baada ya gharama za kurekodi na kutengeneza santuri kurudishwa, faida inagawanywa asilimia 60 kwa bendi na asilimia 40 kwa lebo. Linganisha na mikataba ya kawaida ya kampuni kubwa za wakati ule, ambapo msanii alipewa fedha ya awali, kisha gharama za studio, na mara nyingi sehemu ya gharama za video na za ziara, zikakatwa kutoka katika mirabaha yake midogo kabla hajaona hata senti. Kwa utaratibu huo wa pili, bendi yaweza kuuza nakala laki kadhaa na bado ikawa inadaiwa. Kwa utaratibu wa Lookout, bendi iliyorekodi albamu kwa mamia ya dola ilianza kupata fedha mapema sana, na ndiyo maana baada ya Kerplunk kutoka, mwishoni mwa mwaka 1991 na mwanzoni mwa 1992, vijana hawa waliweza kulipa kodi ya nyumba kwa kupiga muziki. Albamu hiyo iliuzwa makumi ya maelfu ya nakala bila redio kubwa, bila video na bila matangazo zaidi ya kurasa za majarida ya panki, nayo ikawa rekodi iliyouzwa kuliko zote katika historia ya lebo.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, kwa maelezo hayo hayo, hoja ya waliowaita Green Day wasaliti kwa kuhamia kampuni kubwa inapata nguvu. Kama Lookout iliwalipa vizuri na Gilman iliwalea, kwa nini walikwenda kampuni kubwa ya Reprise? Nadhani waliolalamika walikuwa na haki.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, hili ndilo jambo linalonigusa zaidi katika habari yote hii, kwa hiyo niruhusu nilijibu kwa urefu.

Kufikia mwaka 1993 bendi ilikuwa imeshazidi uwezo wa mfumo uliowalea. Kumbi ndogo zilifurika, na nje ya miji mikubwa rekodi zao zilikuwa adimu madukani. Wakawaajiri mameneja, wakarekodi nyimbo za majaribio, na kanda hiyo ikamfikia Rob Cavallo, mtayarishaji kijana wa Reprise, kampuni iliyo chini ya Warner. Kampuni kadhaa ziliwataka. Wao wakamchagua Cavallo kwa sababu alikwenda kuwaona wanakofanyia mazoezi, akashika gitaa na kupiga nao. Livermore hakuwazuia wala kuwashitaki. Walikubaliana kwamba albamu mbili za mwanzo zibaki Lookout maadamu mirabaha inalipwa.

Gilman ilikuwa na kanuni kwamba bendi zilizosaini na kampuni kubwa hazipigi hapo. Kanuni hiyo haikutungwa kwa ajili ya Green Day, na hapa ndipo ninapotofautiana na mashabiki wanaowaona watu wa Gilman kuwa wenye husuda. Ukumbi wa kujitolea usio na pombe ya kuuza hauna ulinzi wowote dhidi ya fedha. Ukiruhusu kampuni kubwa kuutumia kama jukwaa la kujaribia bidhaa zake, baada ya muda mfupi bendi ya watoto wa shule haitapata nafasi, na hao watoto ndio sababu ya ukumbi kuwepo. Kama kanuni ingelegezwa kwa marafiki, isingekuwa kanuni tena. Green Day walipiga hapo kwa mara ya mwisho Septemba 1993, kisha mlango ukafungwa. Ukutani yakaandikwa maneno ya kumtakia kifo Armstrong. Hilo silitetei, kwani lilimwumiza kijana wa miaka 21 aliyekuwa akipahesabu mahali pale kuwa nyumbani kwake, na wimbo uitwao 86 katika albamu ya Insomniac ya mwaka 1995 unatokana na kukataliwa huko.

Wakati huo huo siwezi kuwaita wasaliti. Armstrong alikuwa mtoto wa mhudumu wa mkahawa, hakumaliza shule, na hakuwa na kazi nyingine ya kurudia. Waliomshambulia kwa ukali zaidi hawakuwa lazima maskini kuliko yeye. Isitoshe, Dookie ilirekodiwa katika studio ya Fantasy mjini Berkeley, mji ule ule ulipo ukumbi wa Gilman, na nyimbo zake ni za aina ile ile waliyokuwa wakiipiga tangu mwaka 1988, ila zimerekodiwa kwa muda wa kutosha na kwa vyombo vizuri. Nakala zaidi ya milioni 10 ziliuzwa Marekani peke yake. Sauti haikuwa imeuzwa wala kubadilishwa ili impendeze mtu.

Kuna tukio moja ambalo kila anayejadili usaliti anapaswa kulizingatia. Mafanikio ya Dookie yaliwarudisha mamilioni ya wasikilizaji kwenye Kerplunk, ambayo hatimaye ilivuka nakala milioni 1 Marekani, na Lookout ikapata fedha ambayo haijawahi kuiota. Livermore aliondoka mwaka 1997. Waliobaki walipanua biashara, wakatumia kuliko walichoingiza, na mirabaha ikaacha kulipwa kwa wakati. Green Day walisubiri miaka, kisha Agosti 2005 wakaondoa rekodi zao. Lebo haikuwahi kuinuka tena, ikafunga rasmi mwaka 2012. Kwa hiyo waliokosa kutimiza ahadi ya Lookout walikuwa upande wa lebo yenyewe, na bendi iliyoitwa msaliti ndiyo iliyokuwa imeshika neno lake kwa zaidi ya miaka 10.

Na kwa upande wa Gilman, Mei 2015 bendi ilirudi pale na kupiga katika onyesho la kuchangia shirika la uchapishaji la AK Press na kiwanda jirani cha uchapaji baada ya moto kuwaunguza. Wanachama waliliridhia, nao wakapiga.

Mchangiaji wa kwanza

Nimekuelewa vizuri, mkuu. Kwa sisi tulioanzia Dookie, tuanze kusikiliza wapi?

Mwanzisha uzi

Anza na Kerplunk, kwa kuwa masikio yako tayari yameizoea sauti ya Tré. Toleo la sidii lina nyimbo 16, na 4 za mwisho ndizo zile zilizorekodiwa Minneapolis mwaka 1990 zikiwa na Kiffmeyer kwenye ngoma, hivyo usistuke ukisikia bendi imebadilika ghafla. Ukimaliza, nenda 1,039/Smoothed Out Slappy Hours, lakini usiifuate kwa mpangilio uliomo. Tangulia na nyimbo 4 za santuri ya 1,000 Hours, ambazo ndizo kongwe zaidi, ndipo usikilize zile 10 za 39/Smooth na umalizie na Slappy, yenye wimbo mmoja waliouchukua kwa Operation Ivy. Tumia spika za kawaida na uongeze besi kidogo, kwa sababu rekodi za Art of Ears za wakati huo zilimeza sehemu kubwa ya kazi ya Dirnt.

Nikipata nafasi nitafungua uzi mwingine kuhusu Operation Ivy, maana bendi hiyo ilidumu miaka 2 tu, kuanzia 1987 hadi 1989, na mambo yake hayawezi kutosha humu.